Mama Mgaya Ana Wasifu Wake

  

Jioni hii nataka tumkumbuke mama mmoja aliyezaliwa karne ya 19, mnamo mwaka 1892 kwa makadirio, akafariki mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka kama 105. Jina lake Mgaya wa Nyang'ombe, Mzanaki wa Butiama, mkoani Mara. Nikilitaja jina hilo peke yake, wengi wenu mtaendelea na shughuli zenu. Nikisema ndiye mama mzazi wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, hapo mtaongeza sauti ya redio. Na hilo ndilo lililonileta hapa leo. Tunamjua kwa sababu ya mwanawe, basi. Maisha yake mwenyewe, ambayo yalimtangulia huyo mwana kwa miaka 30 na kuendelea baada ya yeye kukua na kuondoka nyumbani, hatuyasemi.

Mimi ni mtu wa Kiwalani. Sisi wa Kiwalani, Vingunguti, Kipawa na Yombo tunaamka na kulala na jina la Nyerere. Tukitoka tunapanda daladala Barabara ya Nyerere, ile ambayo wazee bado wanaiita Pugu Road. Ndege zinazotupitia juu ya mabati zinatua na kuruka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Watoto wetu wanamsoma Mwalimu shuleni na tarehe ya kifo chake ni sikukuu ya taifa. Sina kinyongo na hayo yote, anastahili. Ninachosema ni kwamba mtu huyu alizaliwa na mtu, akalelewa na mtu, na huyo aliyemlea alikuwa na historia yake ambayo ni historia ya nchi hii.

Tuanze na huo mwaka 1892. Butiama ya wakati huo haikuwa na ofisi ya vizazi na vifo. Wajerumani ndio kwanza walikuwa wanaingia nchi za Ziwa. Mwaka wa kuzaliwa wa Mama Mgaya bila shaka umepatikana kama ulivyopatikana wa bibi zetu wengi: mtu anakaa na mzee, anamuuliza nini kilitokea ulipokuwa mdogo, nani alikuwa anatawala, njaa ipi unaikumbuka, kisha anapiga hesabu. Makarani wetu wa sensa wameitumia njia hiyo kwa wazee wasio na vyeti. Walipewa kalenda ya matukio ya kila mahali ili wakadirie umri wa mtu.

Na matukio ya miaka hiyo yalikuwa mazito. Kuanzia karibu mwaka 1890, sotoka iliingia Afrika Mashariki ikitokea kaskazini na kufyeka ng'ombe nchi kwa nchi. Kwa jamii inayofuga, ng'ombe ndiye maziwa ya mtoto, ndiye mahari ya binti, ndiye akiba ya mwaka wa njaa. Ng'ombe wakiisha zizini, watu wanafuata. Ndui nayo ilikuwa inazunguka. Na miaka hiyohiyo funza, mdudu aliyevushwa baharini kutoka Amerika hadi pwani ya magharibi ya Afrika, alikuwa amekwisha kukata bara zima na kufika pande za Ziwa Victoria. Watu hawakuwa wamemzoea. Hawakujua kumtoa kwa mwiba kabla hajataga, na wengi walikatika vidole vya miguu.

Mtoto wa kike aliyezaliwa wakati huo akavuka mwaka wa kwanza, tayari alikuwa ameshinda mengi. Tunasema kwa haraka tu kwamba fulani alizaliwa mwaka fulani. Kwa mama huyu, kuzaliwa na kupona vilikuwa habari kamili.

Akiwa na miaka kama 15 aliolewa na Nyerere Burito, mwanamume aliyezaliwa karibu mwaka 1860, yaani aliyemzidi umri kwa miaka 30 na zaidi. Mgaya alikuwa mke wa tano. Mpaka mwisho wa maisha yake mzee huyo alikuwa na wake 22. Na tuangalie jambo moja ambalo husahaulika: kwa hesabu hiyo ya miaka, Mgaya hakuolewa na chifu. Wajerumani walimpa Burito uchifu mwaka 1915, vita kuu ya kwanza ikiwa imekwisha kuanza. Huyu binti alikwenda kwa mume, akakaa miaka, ndipo cheo kikaja kikamkuta nyumbani.

Akazaa watoto wanane, wanne wa kiume na wanne wa kike. Wawili walifariki wakiwa wachanga. Vitabu vinatupa hesabu hiyo na kupita. Lakini kina mama mnaonisikiliza mnajua kwamba mama hapiti. Mwanamke aliyezika kichanga anakumbuka siku, anakumbuka jina lililotolewa au lililokuwa litolewe, anakumbuka alikuwa amevaa nini. Mgaya aliwabeba wale wawili moyoni maisha yake yote. Hilo nalo ni sehemu ya maisha yake, na halikuwa dogo.

Mtoto wa pili ndiye Kambarage, aliyezaliwa Aprili 13, 1922. Wakati huo Mjerumani alikuwa amekwisha kuondoka, Mwingereza ndiye mtawala. Mama huyu alikuwa na umri wa miaka 30 na tayari alikuwa amekwisha kuishi chini ya watawala wawili wa kigeni, bila kuulizwa na yeyote kama anawataka.

Maisha ya nyumba ile yalikuwaje? Kila mke alikuwa na nyumba yake ndani ya mji wa mzee, na jukumu la kuwalisha watoto wake lilikuwa lake. Kambarage alikua akichunga mbuzi na kusaidia shambani, kwenye ulezi, mahindi na mihogo. Wanaojua kazi ya ulezi wananielewa. Ulezi unapaliliwa umeinama, magugu yake yanafanana nao. Unavunwa suke kwa suke, unaanikwa, unapurwa, unapetwa. Kisha mama anapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, jiwe dogo mkononi, anasukuma kwa mabega na kiuno mpaka unga utoshe ugali wa siku moja. Kesho yake anaanza upya, na maji yanamsubiri, na kuni zinamsubiri, na mtoto yuko mgongoni.

Kijana Kambarage aliyaona hayo kwa macho yake. Akaenda shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, kisha Tabora, kisha Makerere, Uganda. Na huko Makerere aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Alikuwa amemsoma Mwingereza John Stuart Mill, aliyeandika katika karne ya 19 juu ya wanawake kuwekwa chini ya wanaume. Mwalimu alieleza uzeeni kwamba maneno ya Mill yalimgusa kwa sababu baba yake alikuwa na wake 22, na alijua jinsi walivyofanya kazi ngumu na mambo waliyopitia kwa kuwa ni wanawake. Alisema kwamba kwa insha ile ndipo alipoanza kuisogelea fikra ya uhuru.

Naomba tulitafakari hilo. Tumezoea kusema kwamba fikra za uhuru wa Tanganyika zilitoka vyuoni, Makerere na Edinburgh, kwenye vitabu vya wazungu. Vitabu vilimpa Mwalimu hoja na namna ya kuipanga. Ushahidi alikuwa ameubeba kutoka nyumbani. Kabla hajajua kwamba taifa zima linaweza kunyimwa hiari, alikuwa amemwona mama yake na mama zake wengine wakiishi bila hiari nyingi. Kwa hiyo mtu akiniuliza Mama Mgaya alichangia nini katika uhuru wa nchi hii, sitajibu tu kwamba alimzaa Nyerere. Nitajibu kwamba maisha yake ndiyo somo la kwanza la uhuru ambalo Nyerere alilipata, na alilipata bila ubao wala chaki.

Sasa tusogee huku kwetu. Mwaka 1952 Mwalimu alirudi kutoka masomoni Edinburgh, akafundisha Shule ya Mtakatifu Francis, Pugu. Kila alipokuwa na jambo mjini, alishuka kwa barabara hii yetu. Wakati huo pande zetu zilikuwa nje kabisa ya mji. Mwaka 1953 akachaguliwa kuongoza chama cha TAA, na Julai 7, 1954 kikazaliwa chama cha TANU. Mama yake naye alikuwapo. Alikuja kueleza baadaye kwamba harakati za mwanawe alianza kuzijua huko Pugu, kwa kuona wageni wanavyomiminika nyumbani, na kwamba aliposikia wanazungumza habari ya kuidai serikali uhuru, aliingiwa na hofu. Alitaka mwanawe ashike kazi yake ya ualimu.

Wapo watakaosema ni woga wa mama wa shamba. Mimi naiheshimu sana hofu ile. Huyu ni mwanamke ambaye alipokuwa binti, upande wa kusini wa nchi hii watu walikuwa wanakufa kwa maelfu katika vita vya Maji Maji. Alikuwa mke wa mtu aliyepewa uchifu na Mjerumani na kukubaliwa na Mwingereza, kwa hiyo alijua kwa karibu kwamba serikali inayotoa ndiyo hiyo inayonyang'anya. Alijua wanachofanywa wanaoipinga. Mwanawe alikuwa na kazi ya heshima, mshahara na mke kijana. Mama gani asingeogopa? Machi 1955 Mwalimu aliacha kazi ya ualimu ili afanye siasa. Hofu ya mama ikatimia, na bado mama hakumkana mwanawe. Kuogopa na kuendelea kusimama na mtoto wako ni ujasiri ambao haupewi nishani.

Desemba 9, 1961 uhuru ukapatikana. Mama Mgaya alikuwa na umri wa karibu miaka 70. Kwa wengi hiyo ingekuwa tamati. Yeye alikuwa na miaka mingine 36 mbele. Akauona Muungano, akaona Azimio la Arusha, akaona vijiji vya ujamaa, akaona vita vya Kagera. Mwaka 1985 mwanawe alipong'atuka urais na kurudi kuishi Butiama, mama yake alikuwa bado hai, ana miaka zaidi ya 90. Mtu aliyekuwa Amiri Jeshi Mkuu alirudi kijijini na kumkuta mtu wa kumwamkia shikamoo, na ambaye angeweza kumwambia amekonda. Mama akauona mfumo wa vyama vingi ukirudi mwaka 1992, na uchaguzi wa mwaka 1995. Ndipo mwaka 1997 akatutoka. Miaka miwili baadaye, Oktoba 14, 1999, mwanawe naye akafariki mjini London, akaletwa nyumbani na kuzikwa Mwitongo, Butiama, kwenye mji wa wazazi wake.

Wengi wenu mnakumbuka mwili wa Mwalimu ulipowasili. Barabara hii ilijaa watu. Kina mama na wazee walilia hadharani. Lakini leo nikipita mtaani kuuliza mama yake alifariki mwaka gani, au aliitwa nani, sioni kama nitapata wengi wa kunijibu. Wala siwalaumu, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyowafanyia mama zetu wenyewe, tuliokaa nao nyumba moja.

Nilikuwa msibani hapa Kiwalani, upande wa Bombom. Marehemu alikuwa bibi wa miaka zaidi ya 80. Turubai limefungwa katikati ya mtaa, viti vya plastiki vya kukodi, daftari la rambirambi liko mezani, kina mama wamekaa kwenye mikeka, sufuria za wali ziko nyuma ya nyumba. Mshereheshaji akamkaribisha mjukuu asome wasifu wa marehemu. Kijana akasoma vizuri, kwa sauti ya kujikaza. Marehemu alizaliwa miaka ya 1930 huko Mahenge. Hakubahatika kusoma. Alijishughulisha na kilimo na biashara ndogondogo. Aliolewa na kujaliwa watoto saba. Hapo ikapita ndege, kijana akanyamaza mpaka mngurumo ulipoisha. Alipoendelea, alikuwa tayari amefika kwenye ugonjwa. Na ugonjwa ulisomwa kwa kirefu: lini sukari ilipanda, alipelekwa wapi kwanza, alipewa rufaa lini, alilazwa siku ngapi, alikata roho saa ngapi. Kisha idadi ya watoto, wajukuu, vitukuu na vilembwe. Karatasi ikakunjwa.

Pembeni yangu alikaa bibi mwingine, rika la marehemu. Akaanza kusema, wala hakuwa anamwambia mtu maalumu. Kwamba wao wawili walishuka kutoka Mahenge hadi Ifakara kwa miguu, mwenzake akiwa na mimba ya kwanza, wakapanda lori la mpunga mpaka Dar es Salaam. Kwamba mume wa marehemu alipoachishwa kazi, mwenzake alikuwa anaamka saa tisa usiku kukaanga vitumbua, akavipeleka Barabara ya Pugu kuwawahi wafanyakazi wa zamu viwandani. Kwamba tofali za nyumba ile tuliyokaa mbele yake zilinunuliwa kwa hela ya vitumbua, chumba kwa chumba. Kwamba alikuwa na sauti, na harusini hakuna aliyeanza wimbo kabla yake. Wajukuu waliokuwa karibu walikuwa wanamtazama bibi yule kwa mshangao. Walikuwa wanasikia habari za bibi yao kwa mara ya kwanza, na yeye yumo ndani ya jeneza.

Ndugu zangu, wasifu ule wa karatasi moja haukuwa wa uongo. Kila kilichosemwa kilikuwa kweli. Ila ulieleza wiki za ugonjwa kwa aya tatu na miaka 80 ya uhai kwa mistari minne. Tulimzika mgonjwa, hatukumzika mtu. Na kumwelezea mzee kwa kile alichonyimwa, yaani shule, kisha kunyamazia yale yote aliyoyajua na kuyafanya, ni kumpunja mara ya pili.

Mwambao wetu umetuonyesha kwamba si lazima iwe hivyo. Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa kisiwa cha Pate aliyeolewa na mtawala wa Siyu, alipoona maradhi yanamzidi, mnamo mwaka 1858, alimtungia utendi binti yake, Mwana Hashima. Aliaga dunia karibu mwaka 1860. Utendi wake bado unasomwa na kubishaniwa, na kupitia huo tunamjua mama mwenyewe: imani yake, ndoa yake, hofu aliyokuwa nayo kwa mtoto anayemwacha. Hakungoja mtu amsemee msibani. Alijisemea angali hai.

Mwingine ni Jilfidan. Huyu alikuwa suria wa Sayyid Said, Sultani wa Unguja. Alitoka nchi za Wacherkesi, mbali kaskazini. Alinyakuliwa vitani akiwa mtoto, akatenganishwa na ndugu zake, akaingizwa nyumba ya Sultani akiwa bado ana umri wa kung'oka meno ya utoto. Kipindupindu kilimuua mwaka 1859. Katika majumba yale masuria walikuwa wengi, na wengi wao leo hawana hata jina. Jilfidan tunamjua kwa sababu binti yake, Sayyida Salme, ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, aliandika. Kitabu chake kilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, na alikianza kwa ajili ya watoto wake, wapate kujua mama yao ametoka wapi. Kaka yake Salme, Sayyid Majid, ndiye aliyeanzisha mji huu wa Dar es Salaam. Majid alituachia mji. Salme alituachia mama yake. Kwangu mimi, zote mbili ni kazi kubwa.

Sasa tuseme la kufanya, maana mazungumzo yasiyo na la kufanya ni kupoteza muda wenu.

Kwanza, tuwaulize mama zetu wakiwa wazima, na tuwaulize vizuri. Usimuulize bibi alizaliwa mwaka gani. Atakujibu hajui na mazungumzo yatakwisha. Muulize mama yake aliitwa nani na alikuwa mtu wa wapi. Muulize njaa gani anaikumbuka na walikula nini. Muulize mahari yake ilikuwa nini, nani aliipokea, na yeye mwenyewe alitaka kuolewa au hakutaka. Muulize alifikaje Dar es Salaam, kwa treni, kwa lori, kwa jahazi, na alifikia kwa nani. Muulize hela yake ya kwanza aliipataje. Na kwa upole, mkiwa wawili tu, muulize juu ya watoto aliowazika na majina yao. Bibi atakayekataa, mwache. Lakini wengi wanangoja kuulizwa.

Pili, simu zenu zinarekodi sauti. Vijana mnarekodi mpira, mnarekodi ugomvi wa mtaani. Rekodini sauti ya bibi akisimulia kwa lugha yake, Kindengereko, Kipogoro, Kimakonde au Kizanaki, kisha mpate wa kuwaeleza maneno msiyoyajua. Halafu andikeni, maana simu huibiwa.

Tatu, tuandike wasifu upya. Najua mazishi yana taratibu zake. Kwa Waislamu maiti hacheleweshwi, na makaburini si mahali pa hotuba ndefu. Sawa. Lakini kuna hitima, kuna arobaini, watu wanakaa na wanakula na wana nafasi ya kusikia. Kwa Wakristo wasifu husomwa kabla ya kwenda kuzika. Popote utakaposomwa, ugonjwa upewe sentensi mbili. Uhai upewe karatasi nzima.

Wapo wanaosema mambo ya mama ni siri za nyumba. Siri ziachwe zilale. Safari yake, kazi yake na jinsi alivyolea si siri. Majirani wanayajua. Ni sisi damu yake ndio tumekuwa wa mwisho kuyajua.

Na kwa Mama Mgaya, kwa kuwa nimewadai wasifu, ni haki na mimi nisome wangu. Nausoma hivi.

Mgaya wa Nyang'ombe, Mzanaki wa Butiama, alizaliwa mnamo mwaka 1892, sotoka ilipokuwa inamaliza ng'ombe na Wajerumani wanaingia nchi za Ziwa. Aliolewa akiwa msichana na Nyerere Burito, akawa mke wa tano, na akawa mke wa chifu mume wake alipopewa uchifu mwaka 1915. Alilima na kulisha nyumba yake. Alizaa watoto wanane, wawili wakafariki wachanga. Aliishi chini ya Mjerumani na Mwingereza. Alifiwa na mumewe mwaka 1942, akakaa miaka mingine 55. Aliogopa mtoto wake alipoingia katika siasa, na hakumwacha. Aliona bendera ya nchi yake ikipanda akiwa na umri wa karibu miaka 70, akaishi huru kwa miaka 36. Alifariki mwaka 1997. Mmoja wa watoto wake alijifunza kutoka kwake maana ya kukosa uhuru, akaitwa Baba wa Taifa.

Huo ndio wasifu wake, na ningependa siku moja watoto wa shule zetu hapa Kiwalani wausome pamoja na wa mwanawe. Lakini wa mama yako siwezi kukuandikia mimi. Kama yupo hai, yupo chumba cha pili au yupo kijijini kwa simu moja tu. Mpigie jioni hii, umuulize mama yake aliitwa nani, na uwe na kalamu.